Mwaka Tulipoandikiana Kutengana

Wifi yangu Nyabise alipofariki, wanawe walinipa mimi kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa, walisema, shangazi ndiye aliyezoea karatasi. Ni kweli nimezoea. Nimekaa kwenye baraza la kata pale Bunda miaka mingi, mpaka macho yakachoka, na nimeandika karatasi nyingi za watu wanaoachana kuliko nilivyoandika barua zangu mwenyewe. Wakanipa daftari la mtoto wa shule na kalamu iliyotafunwa mwishoni, nikakaa kwenye chumba cha nyuma pale Guta, chumba ambacho niliwahi kulala mwaka mzima, nikaandika: alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, alijaliwa watoto watatu na wajukuu tisa, alikuwa mcha Mungu na mpenda watu. Ukurasa mmoja, kama walivyotaka, maana katekista alikuwa na msiba mwingine wa kuwahi mchana. Niliposoma pale uwanjani watu walitikisa vichwa kwa kukubali, na mimi nilikuwa na hasira na nafsi yangu, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya marehemu sikuliandika. Niliogopa wenye jambo lao waliokuwa wamekaa mbele kwenye viti vya plastiki, na mmoja wao alikuwa kaka yangu. Basi nitaliandika hapa. Linanihusu kwa aibu, ndiyo maana nimechelewa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikozaliwa na niliosoma nao si muhimu. Yatosha kwamba nilikuwa nimeolewa kanisani, ndoa ya pete, na mume wangu Masatu, fundi wa injini za mitumbwi pale Mwigobero, Musoma mjini, alikuwa ameacha kula chakula changu. Wasiojua mambo ya kwetu watacheka. Hakunipiga. Hakuninyima hela ya sabuni. Alikuwa anarudi jioni, ananawa mikono mpaka viwiko kuondoa oili, anaitazama sahani ya samaki, sato, niliyomfunikia, anasema, "Nimeshiba," halafu anavaa shati na kwenda kula kwa dada yake mtaa wa pili, huku kila mtu anamwona. Miezi minane. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba naweka dawa kwenye mboga ili asiangalie pembeni. Sikuweka. Na kwa kuwa nimezeeka nitasema yote: niliwahi kufikiria, na mwanamke wa kuniuzia nilimjua mpaka mlango wake, lakini sikuweka. Niliendelea kupika kila siku kwa ukaidi, na kila siku sato mzima akaishia kwa paka wa jirani, mpaka wakanenepa wakashindwa kupanda ukuta. Mwanamke ambaye mumewe hali chakula chake ameshaachika, bado kuambiwa tu. Jumamosi moja nilifunga sanduku, nikamshika mkono binti yangu Sabina, aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka sita, nikaenda Guta kwa kaka yangu Magesa.

Nyumba ya Magesa ilikuwa ya matofali mabichi, bati juu, vyumba viwili na sebule ambayo nusu yake ilijaa magunia ya pamba msimu ukifika. Kaka alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bunda, na mkewe Nyabise alilima. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka minne, mrefu, mwembamba, anaongea kwa sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Walikuwa na miaka mitatu ya ndoa na hawakuwa na mtoto. Jambo hilo halikutajwa kamwe ndani ya nyumba ile, na kwa kutotajwa likawa linakaa nasi jamvini kila tukila. Nami nilipata kazi ya kushona kwenye kibaraza cha fundi mmoja mzee kule Nyasura. Nilitoka Sabina hajaamka, nikarudi ameshaoga na ameshakula. Kwa hiyo mengi ya mwaka ule kuhusu mwanangu nayajua kwa kuyakuta: nywele zilizosukwa upya, gauni lililowekwa kiraka, wimbo wa kanisani alioujua wote mpaka ubeti wa mwisho. Chakula cha nyumba ile kilikuwa ugali wa udaga wa muhogo, mweusi, unaonata vidoleni, na furu wa ziwani, vile visamaki vidogo vyenye miiba kuliko nyama. Sabina aliogopa miiba. Nyabise alikuwa anamchambulia furu kwa kucha, mwiba mmoja mmoja, anaipanga ukingoni mwa sahani, kisha anamwambia, "Hesabu." Mwanangu alijifunza kuhesabu kwa miiba ya furu. Nilipomsikia amefika sitini nilidhani ni mimi niliyezaa mtoto mwenye akili, sikujiuliza nani amekaa naye kitako mpaka sitini.

Jioni moja nilikuwa nakaribia nyumbani, nikasikia nyuma ya nyumba Sabina anaita, "Mama, maji yamechemka!" Nikaitika, "Abee." Akatokeza kichwa kwenye kona ya ukuta, akaniangalia, akasema, "Sijakuita wewe, mama." Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayekurudishia kitu ulichookota si chako. Nyabise aligeuza uso akajifanya anachochea kuni. Mimi nikacheka, nikasema mtoto kuwa na mama wawili si hasara, nikaingia ndani kuvua viatu. Miguu iliniuma kwa cherehani na sikuwa na nguvu ya kuona wivu, ingawa niliuona ukija nikaufungia mlango. Kuta za nyumba ile hazikufika juu mpaka kwenye bati, kwa hiyo maneno ya chumba kimoja yalivuka kwenda kingine bila nauli. Nilimsikia kaka siku moja akiuliza, "Sasa hawa watakaa mpaka lini?" na Nyabise akamjibu, "Mama yake akitaka kuondoka aondoke. Huyu mdogo anakaaga vizuri tu hapa, hasumbui mtu." Nilikumbatia mto wangu nikamshukuru wifi kwa kunitetea. Ilinichukua muda kuelewa kwamba pale hakuwa akinitetea mimi.

Masatu alikuja mwezi wa nne. Nyabise alimpelekea kigoda chini ya ukingo wa paa na maji kwenye bilauri. Kigoda akakipokea, maji akayaweka chini bila kuyagusa. Nilikaa mkekani mbele yake. Alikuwa amekonda, na nilipomwona amekonda nilifurahi kwanza, halafu nikamwonea huruma, kisha nikajichukia kwa vyote viwili. "Mama Sabina," akasema, "mimi sikuja kugombana. Kanisa halina talaka, na mimi talaka siitaki. Tuandikiane tu, kwa wakili, kwamba kila mtu anakaa kwake, hakuna wa kumfuata mwenzake." Nikasema sawa. "Ila mtoto ni wa ng'ombe zangu. Akifika miaka saba aje Suguti kwa mama yangu, asome kule. Ukikubali hivyo, ng'ombe sidai. Ukimng'ang'ania, basi, ng'ombe zangu zirudi zote, halafu mtoto kaa naye wewe."

Ng'ombe wenyewe wa mahari hawakuwepo. Kwetu ng'ombe wa binti ndio wanaomwolea kaka yake, na wa kwangu, ambao Masatu aliwamalizia Sabina akiwa tayari na miaka mitatu, walipofika zizini kwa baba kule Butiama walilala majuma mawili tu, wakatolewa kwenda kumwoa Nyabise. Nilimfuata baba kumweleza. Alikuwa ananoa jembe. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Perpetua, ng'ombe zako ndio huyo wifi yako anayekupikia. Ukitaka kuzirudisha, umrudishe yeye." Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayenionyesha mpaka wa shamba. Nilimwambia nimesikia mjini kwamba sheria siku hizi haiangalii ng'ombe, inaangalia mtoto. Baba akajaribu makali ya jembe kwa kidole. "Sheria haina kaka wa kuozesha," akasema, na akaniita niende tukale.

Tulikutana Butiama kumaliza jambo hilo, asubuhi, sebuleni kwa baba, viti vyenye vitambaa vya kufuma na kalenda ya kanisa iliyopitwa na mwaka. Walikuwepo baba na mdogo wake, yaani baba mdogo wangu, kaka Magesa, na Masatu aliyekuja na mzee mmoja wa ukoo wao. Mimi nilikaa mkekani karibu na mlango, kwa kuwa nilikuwa ndiyo kesi. Nyabise alikuwa jikoni anapika kuku, na Sabina alikuwa anamtunzia moto. Wazee walizunguka, wakarudi, wakazunguka tena, na kila walikopita walikuta mambo yale yale mawili: ama mtoto aende Suguti, ama ng'ombe warudi. Mzee wa upande wa Masatu alisema hawana haraka. Baba mdogo akasema hata sisi hatuna. Hapo ndipo Nyabise alipoingia. Mtu wa kwetu ataelewa uzito wa neno hilo: mke wa mtoto haingii palipokaa wakwe zake wanaume akafungua mdomo. Aliingia na unga bado mikononi, akapiga magoti kando ya mlango, macho chini, akasema kwa ile sauti yake ya chumba cha mgonjwa:

"Baba, mnisamehe. Nimesikia nikiwa jikoni. Kule kwetu ng'ombe bado zipo, baba hajazitumia. Mimi nina miaka mitatu hapa, na mnaona wenyewe. Nirudisheni kwetu. Ng'ombe zirudi kwa baba Sabina, Sabina abaki na mama yake."

Kaka yangu alikuwa anaangalia kofia yake aliyoishika magotini. Nimemsamehe Magesa mengi na yeye amenisamehe, lakini kile kimya chake bado ninacho. Baba mdogo akasema polepole, "Amejisemea mwenyewe. Hakuna aliyemfukuza." Na baba yangu, mtu niliyemheshimu kuliko watu wote, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema, "Huyu binti ana akili." Niliona jinsi jambo lilivyowaingia vizuri. Mke asiyezaa anaondoka kwa hiari, ng'ombe wanahama bila ugomvi, mwana wao anatafutiwa mwingine, binti yao anabaki na mtoto wake. Kila mtu alikuwa amepata, na mimi nilikuwa wa kwanza. Neno la kusema nilikuwa nalo mdomoni. Sikulisema. Nilimwona Sabina amevaa sare ya shule, nikamwona amekuwa mkubwa, nikamwona ananizika. Nilitaka wakubali. Nalirudia ili mtu asidhani nimekosea kuandika: nilitaka wakubali. Baba akasema, "Tule kwanza. Jambo la namna hii halijibiwi na njaa."

Nilimfuata Nyabise jikoni. Alikuwa anasonga ugali kwa mikono miwili, amenipa mgongo. Nikamtuma Sabina akachote maji. "Wifi, kwa nini umesema vile?" nikauliza. Akajibu, "Kuna uongo niliousema?" Nikamwambia, "Unajua ukirudi kwenu watakupeleka wapi." Akasema anajua, kuna mzee mwenye wake wawili alishawahi kumuulizia. "Ana shamba zuri," akasema. Halafu akaacha kusonga. "Nawaza tu, kule Suguti, nani atamchambulia furu? Hali samaki wa miiba bila kuchambuliwa, wifi. Atashinda na ugali mkavu na hatasema. Huyu hasemagi." Nilimjibu kwamba bibi yake atamchambulia. Akapakua, akanipa sinia la wanaume nilibebe.

Nikawatengea. Wakanawa, wakala. Baba alikata tonge, akachovya kwenye mchuzi, akatafuna, akamwambia mdogo wake bila hata kupunguza sauti, "Anapika vizuri huyu mtoto. Tutamkumbuka." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu walioshiba, kisicho na nia mbaya. Masatu peke yake hakuwa amegusa sinia. Nilisimama pale na jagi la maji ya kunawia, na kitu kilinipanda ambacho mpaka leo watu wanaojua habari hii wanakiita upendo. Hakikuwa upendo. Ilikuwa hasira. Niliyajua maisha ya mwanamke ambaye chakula chake kimekataliwa, na hapa chakula kinasifiwa na mpishi anafukuzwa, wenye kukila hawaoni haya, na mimi ndiye niliyekuwa karibu kufaidi. Nikasema, "Nyabise haendi popote. Andikeni mtoto aende." Baba akasema nimalize hasira kwanza. Nikasema, "Nikiimaliza nitakubali mengine. Andikeni sasa hivi."

Wakili tuliyemwendea Musoma alikuwa kijana, ofisi yake iko juu ya duka la misumari na rangi, na rangi ile ilinukia mpaka kwenye mafaili. Alikuwa na mchapaji, mama wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Wakili alitufafanulia vizuri kwamba karatasi hii haivunji ndoa. "Mnabaki mume na mke," alisema, "ila kila mtu na sufuria lake." Aliuliza sababu ya kutengana, nikamwambia mume wangu hali chakula changu. Akamgeukia Masatu kwa upole wa kidaktari, akamuuliza kama amekwenda hospitali. Yule mama mchapaji aliinamia mashine yake mabega yakitikisika, akachapa bila kuambiwa: kutoelewana kwa muda mrefu. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule mimi na Masatu kutazamana na karibu kucheka. Lakini tulipofika kwenye mtoto, wakili aliweka kalamu chini. Akamwomba Masatu atoke kidogo. "Dada, sikiliza," akaniambia. "Mtoto wa umri huu, mahakama inapenda akae na mama. Hata akipita miaka saba, hakimu anaangalia ustawi wake, haangalii zizi. Unaweza ukashinda. Ukisaini hii umejifunga mwenyewe. Kwa nini unasaini?" Nilimwambia kuna mtu mwingine ataumia. Akauliza ni nani. Nikasema wifi yangu, mke wa kaka, na nikamwomba jina lake liingie kwenye karatasi, iandikwe wazi kwamba Nyabise hatarudishwa kwao kwa sababu ya ng'ombe hawa. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kukataa. "Huyo si mhusika. Wahusika ni ninyi wawili. Naweza kuandika kwamba mahari haitadaiwa kwa mtu yeyote, sasa wala baadaye. Inatosha." Nikakubali kwamba Nyabise si mhusika. Nimejirudia neno hilo mara nyingi sana tangu siku ile. Nilipoingia barazani miaka ya baadaye, kila walipokuja watu wawili na mtoto wao na makubaliano yao mkononi, nilikuwa nauliza swali ambalo wenzangu waliliona la umbea: mchana, nyinyi mkiwa kazini, huyu mtoto analishwa na nani? Wengi waliniambia jina bila kufikiri, na nikawaambia wakamlete.

Tulisaini kurasa nne, nakala tatu. Tulipotoka nje jua lilikuwa kali na hakuna aliyejua namna ya kuagana. Masatu akasema ana njaa. Tukakaa kwa mama mmoja anayeuza chakula karibu na mwalo wa mitumbwi, benchi moja, ugali na sato wa kuchemsha, na akala mbele yangu kwa mara ya kwanza baada ya mwaka na zaidi, akala mpaka kichwa cha samaki. Nikamuuliza, "Huyu mama humwogopi?" Akasema, "Huyu hanitaki kitu." Nafikiri ndilo jibu la kweli kuliko yote aliyowahi kunipa. Nilimtaka kitu, ndiyo. Nilimtaka arudi mapema, aniulize habari za mchana. Alilipa, akanishika mkono kama anavyomshika mteja, akaenda kwenye injini zake. Miaka mingi baadaye alifariki akiwa bado mume wangu wa kanisani, na nilikaa matanga yake kwa utulivu.

Miezi iliyobaki ilikwenda upesi. Nilimwambia Sabina kwamba Suguti kuna shule kubwa na maembe, na kwamba likizo zote atakuja kwetu, kama ilivyoandikwa. Likizo alikuja kweli, miaka yote mpaka anamaliza shule, na hilo Masatu hakulivunja hata mara moja. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshapanga chumba Nyasura. Sabina alikuwa analala kwangu siku mbili, tatu, ananisimulia masomo yake kwa adabu, halafu anaomba nauli ya kwenda Guta. Hata Nyabise alipoanza kuzaa, miaka miwili baada ya mambo haya, mtoto wa kwanza mpaka wa tatu, aliyeitwa mkubwa wa nyumba ile alikuwa Sabina. Msibani alikaa upande wa kichwa cha jeneza na watoto wa marehemu, na hakuna mtu aliyemuuliza kwa nini.

Tulimpeleka mwezi wa kwanza, kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa nimepanga twende wawili, mimi na yeye, lakini asubuhi ile Sabina alikaa chini mlangoni na viatu vyake vipya akasema haendi bila Nyabise, basi tukaenda watatu. Suguti tulikuta uwanja umefagiwa na bibi yake ametandika mkeka, ameweka sahani ya viazi vitamu na maziwa mgando. Lazima niseme alitupokea vizuri. Masatu alikuwepo, amevaa shati la kanisani. Alikuwepo pia mtendaji wa kijiji, na nakala ya makubaliano mkononi, kwa sababu ukurasa wa tatu ulitaka mama mzazi amkabidhi mtoto kwa baba kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya kiongozi na shahidi. Wakati nilipoyasoma maneno hayo kwa wakili niliyaona ya kawaida. Mtendaji akayasoma kwa sauti, kisha akainua macho kwetu. Sabina alikuwa amezika uso tumboni mwa Nyabise, ngumi mbili zimekamata kitenge chake, halii, anahema tu kwa nguvu. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yao na begi la nguo.

"Mama mzazi ni yupi?" mtendaji akauliza.

Hakuna aliyemcheka. Lilikuwa swali la haki. Mgeni yeyote angeliuliza. Nyabise akasema, "Ni huyu," akanielekezea kwa kidevu. Kisha akainama, akaanza kumfungua Sabina vidole, kimoja kimoja, kwa ule uvumilivu wake, akimnong'oneza kitu ambacho sikukisikia na sikuwahi kukiuliza. Alipomaliza mkono wa kulia aliuweka mkononi mwangu. Ulikuwa wa moto na umelowa. "Mkabidhi, wifi," akasema. "Ndivyo mlivyoandika." Miezi yote ile nilijihesabu kuwa mimi ndiye niliyetoa. Nilikuwa nimembebea Nyabise jambo lile kama deni, na siku nyingine nilimwangalia akila nikaona amekalia kiti cha mwanangu. Ndipo pale uwanjani nikaelewa kwamba siku ile Butiama, alipopiga magoti, hapakuwa na upande wowote ambao yeye angebaki na Sabina. Wazee wangekubali, angerudishwa kwao amwache. Wangekataa, mtoto angekwenda Suguti. Alijua hivyo kabla hajaingia mlangoni, akaingia. Aliomba tu mtoto abaki na mtu anayempenda, hata kama mtu huyo alikuwa amekaa kimya mkekani akisubiri.

Nikatembea na Sabina, akiangalia nyuma hatua zote, mpaka aliposimama baba yake, na nikautoa mkono wake kwenye wangu nikauweka kwenye wa Masatu. Mtendaji akaandika tarehe. Nikasaini, Masatu akasaini. Akauliza shahidi ni nani, awe mtu mzima asiye mhusika, na Nyabise akasogea mbele. Hakujua kuandika jina lake, basi akafunguliwa kidau cha wino. Akachovya dole gumba, akalishusha penye neno shahidi, akalikandamiza, na akaendelea kulikandamiza mpaka mtendaji akamwambia inatosha.